Debe la Vitunguu vya Ng'ambo

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba, naomba unisaidie maana Jumapili ni keshokutwa. Mimi nalima vitunguu saumu huku Mgeta na binti yangu Scholastika ananiuzia sokoni Mafiga, sasa nilishuka nikamkuta kapanga vile vyeupe vya kutoka nje, punje kama kidole gumba, vyangu kavisukumia chini ya meza, nikamsema mbele za watu mpaka akalia, ndipo mchumba wake Jonathan, katoka semina, akasema, "Mama, mipaka ikifunguliwa tunanufaika wote, tajiri na maskini. Wao watuuzie wanachokiweza, na sisi tuwauzie tunachokiweza." Nikamuuliza, "Sisi tunaweza nini, baba?" Akasema hiyo ni semina ya mwezi ujao.

Mshauri usinicheke, nilizunguka upande wa pili wa soko nikanunua debe zima la vile vile vyeupe, maana sisi mbegu tunachagua kubwa kubwa, nikavipanda shamba lote na mbegu yangu ya zamani nikaiuza, leo wiki ya saba hakijachomoza hata kimoja, majirani nimewaambia fuko kala, na shamba ni la ukoo, mama alinipa mimi na Jumapili namkabidhi Scholastika mbele ya mjomba wake, sasa nimkabidhi udongo mtupu?

Mama Scholastika, Mgeta

Shikamoo mama. Kwa miaka sijui, ila kwa uongo umenizidi.

Pole sana, lakini fuko wa watu unamsingizia nini? Umemliza mtoto hadharani kwa kitu ulichokwenda kukinunua nyuma ya mgongo wake! Kitunguu kile kililetwa kikapikwe, kimeshatiwa dawa kisichipue. Waliokileta hawana habari na shamba lako, na mwakani wanakungoja urudi kununua.

Jonathan ana nusu ya haki. Jembe lako na kalamu uliyoniandikia vimetoka huko huko, na hukulalamika. Ila wao wanafika Mafiga kwa kontena, wewe mvua ikinyesha hata Mafiga hufiki. Siku gunia lako litakaponunuliwa kwao, ndipo aniambie "wote".

Kesho asubuhi nenda kwa jirani uliyemdanganya, mwambie ukweli, umwombe mbegu ya kienyeji. Jumapili fukua tuta moja mjomba aone kilichooza, kisha umwombe binti yako radhi kwa sauti ile ile ya sokoni, umkabidhi shamba na mbegu. Na Jonathan asipewe kiti cha mgeni. Mpe jembe, na akishainama, mwulize tena sisi tunaweza nini.