Alama ya Kujumlisha

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa kitengo anataka makundi ya damu yaandikwe kwa maneno. Si O+ tena, ni O CHANYA. Si O-, ni O HASI. Eti alama zinafutika kwenye tepe za mkononi za wagonjwa. Sawa. Mistari michache ya sed, programu ya kutafuta maneno na kuyabadilisha, kazi ya asubuhi moja — nilidhani!

Kompyuta ya maabara ni kuukuu, ya mapokezi ni mpya. Zote zinatumia mfumo wa Unix, ila ni kama ndugu wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbili. Amri ya kurekebisha faili papo hapo, ya mapokezi inaipokea, ya maabara inaikataa katakata. Basi nikaandika matokeo kwenye faili jingine, kisha nikalipa jina la zamani. Nimejaribu maabara: safi. Kesho mapokezi.

Jumanne, 5 Machi

Mapokezi imepita bila kosa hata moja. Mkuu kanipigapiga bega. Tepe mpya zinachapwa tangu saa nne. Nimetembea kichwa juu.

Jumatano, 6 Machi



Mama mdogo — muuguzi wa chumba cha damu, ndiye aliyenilea — hakupiga simu. Kaja mwenyewe, kashika utepe.

“Huyu mama wa wodi ya uzazi nimempima mimi. Ni O hasi. Hapa mmeandika nini?”

O CHANYA.

Mfuko wa damu ulikuwa umeshafika kitandani. Chanya! Kauzuia kwa sababu anamkumbuka yule mama, basi. Asingekuwa zamu je?

Nikafungua faili. Nilikuwa nimeandika O\+. Kwa kompyuta ya maabara, hiyo ni O na alama ya kujumlisha, kwisha. Kwa ya mapokezi ni “O moja au zaidi”. Kwa hiyo kila O, hata ya hasi, ikageuka O CHANYA, na alama ya kutoa ikabaki mkiani. Utepe una nafasi ya herufi nane. Mkia ukakatwa. A na B vilevile. Na hakuna kilicholalamika! Ingekataa tu, ningejua. Imekubali, ikaelewa kivyake.

Nimeweka [+], alama ndani ya mabano ya mraba. Hiyo zote zinaielewa namna moja. Yenye mkia wa kutoa nimeirudisha hasi. Nimeendesha pande zote mbili, nikalinganisha mstari kwa mstari. Mara tatu. Ya kwanza sikujiamini, ya pili nilikuwa nalia.

Tepe za hasi zilizotoka na kosa: thelathini na moja.

Alhamisi, 7 Machi

Tumepita wodi kwa wodi, mimi na mama mdogo na mkasi. Kata, vika, pima upya. Mzee mmoja kaniuliza, “Damu yangu imebadilika tena, binti?” Nikakata utepe wake.

Thelathini. Mmoja hayupo. Dada wa mapokezi anasema kahamishiwa hospitali nyingine alfajiri, kwa upasuaji. Na utepe wetu mkononi.

Mkuu kaleta fomu ya taarifa. Anataka iandikwe “hitilafu ya mtambo”. Kasema kwa upole, kama ananitendea wema.

“Mtambo ulifanya ulichoambiwa,” mama mdogo kasema bila kumtazama. Kisha kwangu, taratibu: “Lakini fomu ni yako, mwanangu.”

Mama mdogo yuko kwenye simu ya ukutani sasa. Watu wa hospitali ile wanahamisha simu yake kutoka dawati hili hadi lile. Anarudia jina la mgonjwa, herufi moja moja. “Hasi,” anasema. “Hapana, msisome utepe. Hasi!” Wamemwambia asubiri, waangalie kama ameshaingizwa chumba cha upasuaji.

Nimejaza fomu. Kwenye nafasi ya chanzo nimeandika jina langu, na amri yenyewe jinsi nilivyoiandika. Mkuu kaisoma, kaisoma tena.

“Hili ndilo unalotaka lipande juu, kwa wakubwa?”

Kalamu bado ninayo, sijafuta neno. Mama mdogo kainua mkono tunyamaze — kuna mtu amerudi kwenye simu.