Fimbo ya Mpera

4 Februari

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko hospitalini kwako, ukiwa mzima na wagonjwa wako wakielekea kuwa wazima. Sisi hatujambo. Mama yako naye hajambo, ila amenuna, na sababu ni mimi.

Tangu nistaafu ufundi simu, mikono inaniwasha. Miaka thelathini nimepanda nguzo, leo nikae nihesabu nzi? Basi nimeanza kuchonga fimbo za kutembelea, kwa kujifurahisha tu. Nachongea uani, lakini maranda yananifuata mpaka kitandani. Mama yako anasema aliolewa na fundi simu, hakuolewa na mchwa.

Ya kwanza nilimchongea shangazi yako. Tangu avunjike nyonga, huu mwezi wa nane hatoki kwenye kiti cha dirishani. Daktari anasema mfupa umeunga. Yeye anasema mfupa si wa daktari. Nikamkatia tawi la mpera, nikalichonga likang'aa. Alipoliona akauliza, "Na mbuzi wako wapi?" Siku ya tatu fimbo ikapasuka yenyewe, paa! Akacheka mpaka akapaliwa. Mwanangu, sikuwa nimemsikia dada akicheka tangu aanguke. Hebu nipe akili.

Baba yako

18 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yake kabla hujamwambia kwamba niko upande wako. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inalalamika.

Ulichonga mti mbichi, baba! Nina mgonjwa wodini, seremala mzee. Nilimsomea barua yako, akataka nirudie. Anasema ukate tawi, upake nta ya mshumaa ncha zote mbili, ulilaze kivulini, halafu ulisahau. La kwangu ni hili: urefu usiukisie. Asimame na viatu vyake, mkono ushuke, upime toka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Chini weka kipira, asiteleze.

Na usimbembeleze. Wagonjwa kama yeye ninawaona hapa kila siku. Kutembea wanaweza, wanachoogopa ni kuanguka mbele za watu.

Mwanao

3 Machi

Kitindamimba,

Natumaini u mzima. Huku ni kicheko tu. Nimpime shangazi yako akiwa amesimama? Si bora uniambie nimpime simba! Mama yako ndiye aliyempima kwa uzi, alipokuwa anamsaidia kuhamia kitandani, akidai anampimia gauni. Sasa shangazi yako anauliza gauni liko wapi.

Matawi mawili yanakauka chini ya kitanda chetu. Mama yako hajui.

Baba yako

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Hamjambo kweli? Miezi miwili na zaidi, kimya. Shangazi ameanguka tena? Niambie hata kama ni baya. Niko radhi kuomba ruhusa nije.

Mwanao

2 Juni

Kitindamimba wangu,

Tulia, sote wazima. Sikuandika kwa sababu furaha nyingine ukiitaja mapema inakimbia.

Matawi yalipokauka nilianza kuchonga chini ya dirisha la shangazi yako. Sikumwambia neno. Yeye kila siku akawa nalo. "Mkono mnene huo, unamchongea bondia?" Nikaupunguza. "Lete msasa, umeacha miba." Nikampa. Wiki nzima akasugua, akasahau kwamba anachosugua ni fimbo yake. Ilipokwisha nikaitia kipira chini, akaiegemeza ukutani, kando ya kiti. Hakuna aliyemwambia aishike.

Jumanne nikaanza ya pili. Msumeno butu, mti ukaenda upande. Akafoka, "Siyo hivyo!" Nikajifanya kiziwi. "We mtoto, siyo hivyo!" Kisha nikasikia kipira kinadunda sakafuni, du, du, du. Kuinua macho, huyu hapa mlangoni, fimbo mkononi, amefura: "Unakata mti au mkate wa jana?"

Mama yako alikuwa anaanika nguo. Akafungua mdomo apige ukelele, nikamkonyeza. Nikasema tu, "Basi nionyeshe, dada." Akanionyesha. Dakika kumi nzima kasimama, ananikaripia. Machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la mbao.

Tangu siku hiyo hakamatiki. Jana kafika kwa jirani yetu mshonaji, akarudi na habari kwamba jirani naye anataka fimbo, yenye kichwa cha bata. Mimi na bata wapi na wapi! Muulize seremala wako mdomo wa bata unaanziwa wapi.

Nilitaka kuipeleka barua hii posta mwenyewe. Nimenyang'anywa kazi hiyo.

Baba yako

(Nyuma ya bahasha, kwa kalamu nyingine)

Foleni ilikuwa ndefu. Nimesimama mpaka mwisho.

Shangazi yako