Nusu Kidonge cha Diwani

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumatano jioni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko? Kazi inakwendaje, na yule msimamizi wako wa kununa ameshaizoea sura yako? Je, kikohozi ulichotuandikia kimepungua au bado kinakukatisha usingizi? Hilo la kikohozi lijibu kabla ya mengine yote. Sababu utaiona mbele.

Sisi hatujambo. Mguu unanisumbua kwa kukanyaga cherehani, lakini wateja wapo. Mama anatembea vizuri. Diwani naye ni mzima, na nimelisema hilo mapema makusudi ili usome barua hii bila kuruka mistari, maana nakujua.

Jumapili nusura paka wako afe. Jumamosi alirudi kutoka kwenye ziara zake akichechemea mguu wa mbele. Tangu umpe jina la Diwani anaamini kila jiko la mtaa huu ni la wapiga kura wake, kwa hiyo hatukushtuka. Tulisema amerushiwa kiatu na mpinzani.

Jumapili mchana nilimkuta chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mate yalikuwa yanamtoka, uso umevimba, anahema kwa shida. Nilipomfunua mdomo, ufizi ulikuwa wa kahawia kama chai ya rangi. Niliogopa sana, sikufichi. Nikamwita Mama. Akaja, akamtazama, akanyamaza. Mama huyu huyu ambaye mtoto wa jirani akipiga chafya anatoka na kipimajoto! Nikadhani ni huruma tu imemziba mdomo.

Tulimweka Diwani kwenye tenga la nguo, nikakimbilia kwa Baridi, yule fundi friji wa nyumba ya pili. Aliacha sahani yake mezani bila hata kuuliza, akatupakia kwenye gari lake pamoja na spana na mitungi ya gesi. Tulipofika kwenye kliniki ya mifugo, mlango ulikuwa na kufuli.

"Jumapili hawafungui, dada," mlinzi akaniambia. "Mlete kesho asubuhi."

"Kesho nilete paka au nilete ngozi?" nikamuuliza.

Maskini, si kosa lake. Alinionyesha ubao wenye namba ya dharura. Namba ilikuwepo kweli, ila jua lilikuwa limekula tarakimu mbili za mwisho.

Hapo nikajifunga kibwebwe. Nilijiapiza kwamba paka huyu hatafia mikononi mwangu kwa sababu ya kalenda. Nikafikiri: ni nani mtaani anayemhitaji daktari wa wanyama hata siku za mapumziko? Nikamkumbuka mwenye duka la vyakula vya kuku. Duka lilikuwa limefungwa, lakini anaishi nyuma yake, na nilimgongea mpaka akatoka na povu la sabuni masikioni. Akampigia daktari wake palepale, akanipa simu ikiwa kwenye spika, nikarudi nayo garini.

Daktari ni mwanamke, sauti yake ya taratibu. Alikuwa anatoka kuzalisha ng'ombe, akasema tukutane kwake, ana chumba cha tiba uani. Kisha akaanza kuuliza. Amekula nini? Nikasema hatujui. Amepewa dawa yoyote ya binadamu, ya maumivu hasa? Mimi nami, kwa kimbelembele changu, nikajibu kwa kujidai: "Daktari, mama yangu ni muuguzi. Kwetu hatuchezi na dawa."

Mama alikuwa kiti cha nyuma, tenga mapajani. Akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu," akasema. Halafu akasema polepole, kama anayekabidhi zamu wodini: "Ni mimi. Nimempa nusu kidonge cha parasetamoli ya watoto leo asubuhi, baada ya chai. Alikuwa anachechemea. Nilimkadiria kama mtoto mchanga."

Baridi alizima redio.

"Umefanya vizuri kusema, mama," daktari akajibu. "Kwa paka hiyo ni sumu, hata kidogo. Sasa najua niandae nini. Msimpe kitu kingine, hata maziwa. Njooni."

Alimwekea hewa ya oksijeni na dawa ya kuvunja ile sumu, akabaki naye mpaka jana. Anasema kama angeanza kwa kubahatisha, muda ungetuishia. Kwa hiyo elewa vizuri, mdogo wangu: aliyempa Diwani sumu ni Mama, na aliyemwokoa ni Mama.

Lakini yeye anaona nusu moja tu. Sanduku lake la dawa amelipandisha juu ya kabati. Jirani alipomleta mtoto mwenye vipele, alimwambia aende hospitali, yeye ni mstaafu. Ujumbe wako wa kikohozi aliusoma, akaiweka simu kifudifudi. "Akamwone daktari huko huko," akasema. "Mimi nisiulizwe tena." Iliniuma kuliko hata ule ufizi.

Alitaka nikuandikie kwamba Diwani alikula panya mwenye sumu. Nikakataa. Jana usiku alikubali mwenyewe kwamba ujue ukweli, na Jumamosi atakupigia akwambie kwa mdomo wake. Tafadhali usimkatize kwa "hakuna neno, Mama". Mwache amalize. Usicheke, hata kama hilo la mtoto mchanga litakuchekesha. Akimaliza, muulize habari ya kikohozi chako, kama ulivyokuwa ukimuuliza siku zote. Akikuambia uende hospitali, nenda, kisha urudi umuulize tena. Sitaki kuwa na mama mstaafu ndani ya nyumba hii.

Namba ya daktari tumeibandika kwenye mlango wa friji. Na Jumatatu nilirudi kliniki, nikasimama pale mpaka wakaandika upya ile namba ya ubaoni, kwa rangi nyeusi. Mlinzi ananiita Mkaguzi.

Msalimie sana wifi yangu. Binti yenu mwambie shangazi amemaliza gauni lake, bado vifungo. Baridi anakusalimu, na Diwani anajilamba hapa miguuni kana kwamba sisi ndio tuliokuwa wagonjwa.

Mungu akulinde kazini na njiani, akujalie usingizi usio na kikohozi.

Wako akupendaye, ukijibu barua na usipojibu,

Dada yako.

Baada ya kumaliza: Nilikwenda kuchemsha maji nikaiacha barua mezani. Nimerudi nimekuta miwani ya Mama juu yake, na haya hapa chini ni mwandiko wake:

Kikohozi ni kikavu au kina makohozi? Kinazidi ukilala? Usisubiri Jumamosi, nipigie leo.