Kambi Nimeipaka Rangi

Baba Neema,

Nimepaka rangi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo litakalokuudhi kwanza, mengine nitayasema nikishapata nguvu. Sebule ni bluu hafifu, chumba cha watoto ni njano, Neema ndiye aliyechagua. Kabla ya rangi tulipiga lipu. Ile ile lipu uliyowapigia watu wa Kahama nzima huku nyumba yetu ikibaki matofali matupu, na mtu akikuuliza unamjibu, "Hii kambi tu, sisi tunapita. Kaya iko Masumbwe." Hata msumari wa kutundikia kalenda ulinikatalia. Nguo zetu zilikaa kwenye mabegi miaka yote, utadhani tunasubiri basi.

Rangi nilinunua kwa Bwana Karim, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye ulikuwa ukimpelekea wateja. Alinitazama, akasema, "Pole sana, mama. Fundi alinunua hapa rangi za nyumba za watu wote." Kisha akaingia ndani kunitafutia brashi. Nililia pale pale, katikati ya mifuko ya saruji.

Mume wangu, sijarudi Masumbwe.

Ulinishika mkono pale hospitalini, mama yako akisikia, ukaniambia, "Mama Neema, ukishanizika usibaki kule kambini. Rudi kaya uwashe moto." Nikasema ndiyo. Ukafumba macho ukiwa umetulia, na asubuhi hukuamka. Watu wananifariji kwamba uliondoka kwa amani. Hawajui kuwa wakati nakujibu nilikuwa nawaza nani atanilowekea maharage ya kesho pale mgahawani kwangu. Sikupanga kukudanganya. Lakini moyo wangu haukuwamo katika lile jibu, na nilijua haumo.

Tulikuzika kwenu, kando ya zizi, kama ulivyotaka. Matanga yalipoisha niliwaambia ndugu zako nafuata vyombo Kahama, narudi. Nikapanda gari. Tulipoingia mjini, taa za barabarani zimewaka, bajaji zinapishana, harufu ya mishikaki inaingia dirishani, nikachangamka. Nimevaa nguo nyeusi, udongo wa kaburi lako bado uko kwenye viatu, na mimi nachangamka! Hilo sijamwambia mtu.

Sijui nikueleze vipi ninachokipenda hapa, maana ulikuwepo na hukukiona. Napenda kufungua bomba asubuhi maji yakatoka, mimi niliyekua na ndoo kichwani. Napenda mgahawa wangu pale karibu na stendi, madereva wa malori ya Isaka wanaousifu wali wangu kwa lafudhi za Rwanda na Burundi, na vijana wa machimbo wanaopita kwenda Geita wakijigamba kwamba wakirudi watakula kuku mzima. Wakirudi wanaomba mchuzi tu, nawapa. Kila nikigeuka kuna duka jipya, na bado muuza nyanya ananiita kwa jina. Na hakuna anayekaa kupima kama nimelia vya kutosha.

Jioni natembea na watoto. Masanja anatuonyesha kwa kidole: "Hii kajenga baba. Na ile pale." Duka la dawa, ukuta wa shule, nyumba ya wageni yenye vigae vyekundu. Najiambia, basi yuko hapa hapa, sijamwacha. Usiniamini, Baba Neema. Hicho ni kisingizio, na nakitumia zaidi siku nilizofurahi.

Sasa nikuambie kuhusu mama yako. Ndugu walipochoka kunisubiri walimtuma aje kunichukua. Alishuka stendi na kifurushi chake na sura ya mtu aliyekuja kugomba. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama," akaniitikia marahaba ya baridi kabisa. Siku ile hakula. Kesho yake nilimwekea kiti mgahawani ili asishinde nyumbani peke yake. Kila dereva aliyeingia, mama alimsalimia "Mwangaluka!" kwa sauti yake ile, nao wakamjibu, hata wasiojua neno la Kisukuma. Wakaanza kumwita bibi na kumwagizia soda. Neema akampeleka kupimwa macho, akarudi na miwani, akawa anasoma mabango ya maduka kwa sauti njia nzima. Akaniuliza, "Mji wenyewe ndio huu? Mbona mwanangu alituambia ni kambi?" Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Halafu nikaingia jikoni nikaona aibu, kwamba sasa nimekunyang'anya hata mama yako.

Mwezi ulipoisha alifunga kifurushi. Nikajua saa yangu imefika, nikaanza kutafuta maneno. Akanikatiza. "Wewe kaa, mayu. Mimi nitauwasha ule moto." Alisema hivyo tu, akiniita mama kwa Kisukuma, akageuka nimfunge kanga vizuri. Ningemshukuru kama angenitukana.

Shemeji amenieleza kwa simu. Kila asubuhi, na magoti yake yale mabovu, mama anatoka kwake anakwenda uwanjani kwetu, anafagia, anakoka moto, anakaa hadi uzimike, ndipo anarudi. Moto ulioniomba mimi! Na saa hiyo hiyo mimi nakoka wangu hapa, nachemsha chai ya wasafiri, naimba. Nikimkumbuka nanyamaza. Baada ya muda najikuta naimba tena.

Kuna siku nilifungasha sufuria na vikombe, nikakaa navyo mlangoni mpaka Neema akarudi kutoka shuleni. Alivirudisha rafuni kimoja kimoja. Nilifarijika, na nikajichukia kwa kufarijika.

Sikuombi radhi. Anayeomba radhi anakusudia kuacha, na mimi sikusudii kuacha. Ninachoweza kukuahidi ni hiki, na safari hii nimekipima kwanza. Kila mwisho wa mwezi nitakwenda kukaa na mama, nimwoshe, nimpikie, na magoti yake yakigoma kabisa nitamlea mimi, akitaka huku au huko. Na watoto nimewaambia mbele yake: siku yangu ikifika wasinizike Kahama, hata mji uwe umependeza vipi. Wanilete kwenu, wanilaze kando yako. Hapo nitatulia, sitaulizia gari la kurudi.

Pumzika, fundi wangu. Nitakuja kulala na wewe. Lakini kuishi, mume wangu, naishi hapa.

Mkeo,
Mama Neema