Jua la Queen

Dada Hellen,

Shikamoo. Bibi mzima, nami bado ndiye mtanashati wa Kiseke. Lakini nimekasirika! Ulituagiza kwa simu Queen asitolewe nje, eti jua litamharibia rangi. Tulikutii mwaka na nusu, na mwanao akaota matege. Daktari kasema asiyepata jua hukosa vitamini D, na bila hiyo hata maziwa anayokunywa hayajengi mifupa, inabaki laini na kupinda. Mimi niliyeishia la sita nimeelewa. Wewe mwenye cheti vipi?

Mwezi wa pili sasa anameza dawa, na asubuhi namtoa nje. Bibi hulalamika, “Machibya, unamwanika mtoto kama dagaa!”

“Bibi, hao dagaa wamepata jua kuliko huyu!”

Jana kasimama mwenyewe, mweusi tii, anacheka. Ukija kumfungia tena, utaanza kwa kuniondoa mimi mlangoni.

Mdogo wako mwenye hasira,
Machibya