Udongo wa Kichuguu Nyuma ya Goli

Ifakara, Jumanne, Machi 1996

Mvua haijakata tangu alfajiri. Haina hasira wala huruma, inanyesha tu, kama karani anayegonga mihuri. Moyo wangu mzito. Leo nimeshindwa kwenye kikao, na nimeshindwa kwa hoja yangu mwenyewe.

Niandike kwa mpangilio, maana nikiandika kwa hasira nitatoboa karatasi.

Uwanja wetu wa mpira unakufa. Ukoka umegeuka manjano, katikati pamebaki upara, na kila masika kamati ya uwanja hufanya jambo lilelile: hununua mbolea ya salfeti na kuimwaga bila kuuliza, kama mpishi anayetia chumvi kabla ya kuonja. Majani huwa kijani kwa muda mfupi, kisha hurudi kwenye ugonjwa wake. Nimewapigia kelele kwamba salfeti ya mwaka baada ya mwaka huenda imeutia udongo uchachu, kwamba labda tunahitaji chokaa na siyo mbolea, na kwamba labda hata mimi nimekosea, kwa sababu hakuna aliyepima. Pimeni kwanza! Nilisema nje ya kanisa baada ya misa, nilisema sokoni, nilisema kwenye kikao mbele ya mwenyekiti, mfanyabiashara wa mpunga asiyependa kuelezwa kitu na mwalimu. Nilisimama nikasema: udongo hauna chama, haumwogopi mtu, tuuache useme.

Walinipigia makofi. Wakakubali udongo upelekwe maabara, Morogoro.

Kwa nini nijiumize hivi kwa ajili ya majani? Kwa sababu kuna mpango wa pili. Wapo kwenye kamati wanaotaka ukoka ung'olewe na uwanja wote umwagwe kifusi. Kifusi hakidai maji wala mbolea, wanasema. Ni kweli. Lakini watoto wa Ifakara wanacheza pekupeku. Uwanja wa kifusi ni uwanja wa wenye viatu, na wenye viatu katika mji huu nawajua kwa majina.

Majibu yalirudi wiki iliyopita. Udongo una rutuba ya kutosha, hauna uchachu, hauhitaji mbolea wala chokaa.

Niliyasoma, nikayarudia, nikaenda uwanjani kuutazama ule upara. Haikuniingia akilini. Nikamtafuta Anselmi.

Anselmi ndiye mtunzaji wa uwanja. Anafyeka, anamwagilia wakati wa kiangazi, anafukuza ng'ombe. Siku ya kuchukua udongo mimi nilikuwa nimelazwa na malaria, nikamwelekeza kutoka kitandani: tembea uwanja mzima, chota kidogo hapa na kidogo pale, changanya kwenye ndoo. Sasa nikamuuliza alichota wapi. Akaniongoza kwa furaha mpaka nyuma ya goli la kusini, penye kichuguu kilichobomolewa zamani. Udongo mweusi, laini, ule ambao wenye bustani za mchicha huja kuuiba. Na alikuwa ameuchekecha kwa chekeche la mkewe mpaka ukawa kama unga.

"Na ule wa katikati, Anselmi?"

"Ule mbaya, Mwalimu. Mawe matupu na mizizi. Ndio uende kwa wataalamu ule?" Alinitazama kana kwamba nimekosa malezi. "Wewe mgeni wako unampa wali wenye mawe?"

Katika bonde hili, hata mimi nisingempa.

Leo nimelieleza jambo hili kwenye kikao. Nikaomba tupime upya, safari hii udongo wa pale mpira unapochezewa. Mwenyekiti akaagiza Anselmi aitwe. Aliingia ameloa, kofia mkononi, akawapa shikamoo wote, hata wanaopaswa kumpa yeye.

"Bwana Anselmi, ule udongo uliutoa uwanjani au shambani kwako?"

"Uwanjani, mheshimiwa."

"Ndani ya uzio?"

"Ndani kabisa."

"Ahsante, nenda zako." Akanigeukia. "Mwalimu, umesikia."

Nikasimama tena. Nikawaeleza kwamba kichuguu ni kazi ya mchwa, wala hakifanani na ardhi inayokizunguka. Nikasema nitaupeleka udongo mwenyewe, kwa nauli yangu.

"Utapima mara ngapi?" akauliza mwenyekiti. "Mpaka udongo ukupigie kura?"

Chumba kizima kikacheka. Katibu, niliyemfundisha kusoma kwa mikono yangu, alicheka mpaka akafuta machozi.

Kisha wakatoa hoja yao, na ukiukubali ule udongo, ni hoja nzuri. Hilo ndilo linaloniua. Kama udongo ni mzima na majani bado hayaoti, basi hapa si mahali pa majani. Mikono ikanyooshwa juu. Kifusi kimepita. Malori yataanza mvua ikipungua.

Maabara haikukosea. Iliulizwa habari za kichuguu, ikajibu habari za kichuguu.

Jioni Anselmi alifika hapa nyumbani. Alikataa kiti. Nilidhani kasikia yaliyosemwa baada yake na amekuja kuomba radhi, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia kwamba si neno. Hakuja kwa hilo.

"Mwalimu, hicho kifusi kinafyekwa?"

"Hakifyekwi."

"Kinamwagiliwa?"

"Hapana."

Akaitazama mvua. "Sasa mimi wataniweka wapi?"

Nimebishana na mapadri, na wanasiasa wa vyama vyote, na wahariri waliokata barua zangu nusu. Sijawahi kukosa la kusema. Kwa Anselmi nililikosa. Bado anaamini kwamba ule udongo ulituheshimisha mbele ya wageni, nami sikumwambia umetufanyia nini. Umemfanyia nini. Nilimwambia tu aingie ndani, mvua inampiga. Akasema mke anamsubiri.

Nimekaa na kalamu sasa, na barua ya kuipinga kamati haitoki. Hasira ninayo, lakini imechoka.

Malori yakija, nitasimama mbele yake kama wote wanavyonitarajia, au nitajifungia ndani na vitabu vyangu? Zamani swali hili nisingejiuliza.