Kichuguu cha Shimo la Nne

Jumanne, 8 Aprili 2025

Asubuhi nzima kwenye vigingi. Kupima, kugonga, kung'oa, kupima tena. Jua la Logiri, hapa nje ya Arua, halina adabu. Chai imepoa kabla sijainywa.

Kushoto kwangu, uwanja wa gofu wa Mwingereza. Kulia, uwanja wa bwana wa Kampala. Katikati kipande ninachokichora mimi, kama mgeni wa harusi aliyekalishwa kati ya walevi wawili. Hajji, mwenye mradi, anataka mchezaji atoke kwa mmoja, apite kwangu, amalizie kwa mwingine bila kuona mshono. Ataona. Kwangu ndipo patakapokuwa pazuri.

Mwingereza alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni. Alichora uwanja kama anapanga askari. Palipotakiwa nyasi laini kuzunguka bendera aliweka mchanga uliomwagiwa oili chafu. Watu wa Arua bado wanausifu. Wanasifu oili!

Wa Kampala ni mbaya zaidi, maana yeye amesoma. Nilisoma naye. Alikuwa mvivu hata wakati ule, na mwenye maneno matamu. Kila njia yake ya mpira inakwenda vizuri, halafu ghafla inapinda. Hakuna mto, hakuna jiwe. Inapinda tu. Na kila kona kaacha rundo la udongo lenye magugu. Hakutaka kumsumbua dereva wa katapila.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo shimo la nne.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Mengine manane ni kazi. La nne ndilo langu. Njia moja iliyonyooka kuanzia unapopiga mpira hadi kwenye bendera, inateremka polepole, na mbele yako vilima vya Kongo. Nimelibeba kichwani miaka mingi nikitafuta ardhi ya kulilaza. Nimeipata.

Katikati palikuwa na kichuguu, kirefu kunizidi. Nikamwambia Rajab akiangushe. Rajab ni dereva wa katapila, mtu wa Koboko, hana maneno. Kikaanguka. Vibarua wakasimama wakitazama, mikono mifukoni. Niliwauliza wanatazama sinema gani. Wakarudi kazini.

Jioni nilisimama juu nikatazama chini. Mstari mmoja. Sijawahi kufurahi hivi juu ya udongo.

Ijumaa, 11 Aprili

Upuuzi mtupu.

Nimefika, nimekuta mama mmoja amekaa palepale kichuguu kilipokuwa. Kwenye mkeka. Na sufuria. Anaitwa Ayikoru, ana umri kama wangu, nyumba yake iko nyuma ya uwanja wa Mwingereza. Kaka zake wawili wamesimama nyuma yake. Vibarua wote wameketi pembeni, majembe chini.

Nikamwambia ardhi hii ilinunuliwa, na kaka zake hao hao waliweka sahihi. Hakubisha.

"Shamba tuliuza," akasema. "Kichuguu hatukuuza. Hii kichuguu iko ya mama yangu. Yeye alinipa mimi."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Kumbe ndivyo ilivyo huku. Unauza shamba, kichuguu kinabaki chako, na kumbikumbi wake, na wajukuu zako watakirithi. Kila mtu anajua. Nikawageukia vibarua: kama mnajua, mbona mlinyamaza? Wakasema walidhani Hajji alikinunua kivyake, mbali na shamba. Watu wazima, wametazama katapila ikiangusha mali ya jirani yao, wakadhani!

Na mimi? Nimezaliwa Oli, mjini Arua. Nimekula kumbikumbi wa sokoni tangu nina meno. Sikuwahi kuuliza wanatoka kwenye kichuguu cha nani. Watu wa mjini hatuulizi, tunasema tu ongeza kidogo.

Kazi imesimama.

Jumapili, 13 Aprili

Koboko. Vumbi hadi kwenye meno.

Hajji alinipokea vizuri, akaniuliza habari za mama, akaniwekea chai na maandazi. Halafu akanichinja taratibu.

"Binti yangu, mimi sitaki maneno na watu ya Logiri. Mimi nafanya biashara na wao. Wewe maliza na huyu mama. Wiki moja. Kama inakushinda, naita ule bwana ya Kampala. Uwanja yake iko pinda-pinda, lakini hakuna mutu alikuja kulia kwangu."

Nikaona aibu, na hasira nyuma yake. Bwana wa Kampala! Aje alipinde shimo langu la nne, aweke na rundo lake la magugu juu!

Nilisema inshallah nikaondoka. Maandazi sikuyagusa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda uwanja wa kulia, wa bwana wa Kampala. Peke yangu, kwa miguu, nikitazama kona zake moja moja.

Ni vichuguu. Kila kona. Marundo niliyoyacheka yamechimbwa vijishimo pembeni, na kuna fito za kutandikia blanketi la kuwanasia kumbikumbi wakitoka. Aliuliza. Au waliomuuzia walimwambia, na kwa uvivu wake akakubali. Naamini la pili. Nalazimika kuamini la pili.

Namchukia zaidi kuliko jana. Mtu akikosea unamdharau unalala. Akipatia kwa bahati utamfanya nini?

Na bado kona zake ni mbaya. Hilo siliondoi.

Jumatano, 16 Aprili

Rajab ameniletea chupa ya sumu ya mchwa. Akasema, "Madam, ukimwaga hii, ndani hapana baki kitu. Halafu wao watalia nini?" Ana akili ya namna yake. Malkia akifa hakuna kichuguu. Pasipo kichuguu hakuna mwenyewe. Mstari wangu unabaki.

Mchana, Ayikoru akiwa amekwenda kula, nikaenda na chupa. Nilikuwa nimeamua. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nikafungua kifuniko. Harufu mbaya.

Pale chini mchwa walikuwa kazini. Katapila imewapitia juzijuzi tu, na tayari wameziba, wamejenga kuta ndogo za udongo mbichi, na vijia vimepangwa. Hakuna aliyekuwa amekaa na mikono mifukoni. Nilichuchumaa nikatazama hadi miguu ikafa ganzi. Kazi safi. Mwingereza hakufikia hapo. Wa Kampala asiguse.

Nikafunga chupa. Siwaui mafundi pekee wenye akili eneo zima hili.

Nimemrudishia Rajab chupa yake. Amenitazama kama mgonjwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda kwa Ayikoru. Nimemwomba radhi, na neno lilitoka kwa shida, kama mwiba. Alinipa kiti. Yeye akaendelea kupepeta mtama wake.

Fidia hataki. Nilitamani angetaka, ningemdharau kidogo nikapona. Anataka kichuguu kiachwe kiote tena palepale. Mashine isikaribie, sumu isimwagwe. Na kumbikumbi wakitoka, yeye na watu wake wataingia, hata kama kuna wakubwa wanacheza.

Katikati ya shimo la nne. Nundu. Milele.

Nikamweleza lile shimo. Mstari, mteremko, vilima. Sijui kwa nini. Sijawahi kumweleza mtu hivyo, hata Hajji. Alisikiliza hadi mwisho, ungo umesimama mikononi.

"Iko nzuri," akasema. "Lakini kichuguu ilikuwa pale kwanza."

Nikakubali. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira. Halafu nikala.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ya kwanza kubwa. Ilikatika kabla ya jioni, na ardhi ikaanza kutoa mvuke.

Vibarua walirudi tangu asubuhi. Hajji amepiga simu, amesema alhamdulillah, kazi ibaki kwangu. Nimesema asante.

Walikuja na mablanketi na masufuria, Ayikoru mbele. Nilidhani watanuna, kichuguu kikiwa hakina hata urefu wa goti. Ayikoru akazunguka, akatandika blanketi, akasema sasa ni rahisi kufunika. Kaka zake wakacheka. Mimi pia.

Kumbikumbi wakatoka. Wengi, mabawa yakimetameta. Nilisimama pembeni, viatu vimejaa tope. Hakuna aliyeniita na hakuna aliyenifukuza. Baadaye Ayikoru akanijazia kikombe, wabichi, akarudi kwenye sufuria yake.

Njia sitaipinda. Itabaki imenyooka, na nundu yake katikati. Atakayegonga mpira pale atajua mwenyewe.

Nimekaa mezani sasa. Nimechora duara dogo kwenye ramani, katikati ya shimo la nne, na pembeni yake nimeandika: cha Ayikoru, alichopewa na mama yake.